Tamthilia Fupi katika Historia ya Jukwaa la Kiswahili



Historia ya tamthilia ya Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata vilele vyake. Msimulizi huanza na tafsiri za Shakespeare alizozifanya Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari ya mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Kisha huruka hadi Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969, akapitia Mashetani (1971), akafika kwenye Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982), na kwa upande wa Kenya akataja Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981) na Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia (2001). Sina ugomvi na orodha hiyo. Nimeifundisha mwenyewe. Lakini anayeujua mlima kwa vilele vyake tu hajui njia waliyopanda watu, na njia ya sanaa hii imepita, kwa sehemu kubwa, katika michezo mifupi: ile inayochezwa kwa muda usiotimia saa moja au unaoizidi kidogo tu, yenye wahusika wachache, na ambayo mandhari yake ni ua mmoja, chumba kimoja au kibaraza kimoja.

Hoja nitakayoitetea jioni hii ni nyepesi kuielezea. Mwandishi wa kwanza wa jukwaa la Kiswahili hakukosa visa, wala hakukosa itikadi. Alichokikosa ni namna ya kumfanya mtu asimame mbele ya watu, afungue kinywa, na aseme Kiswahili ambacho wasikilizaji watakiamini kuwa ni kauli ya mtu huyo na si ya kitabu. Tatizo hilo lilitatuliwa katika tamthilia fupi. Na kwa kuwa nazungumza na wapenzi wa jukwaa, sitaishia kwenye historia; nitapendekeza pia baadhi ya tamthilia hizo ambazo ingefaa zitolewe kabatini na kuchezwa.

Neno moja juu ya istilahi. Vitabu vya miaka ya 1950 hadi 1970 vilipenda kujiita "mchezo wa kuigiza". Siku hizi wataalamu tunasema "tamthilia", na wengi hutofautisha: tamthilia ni matini iliyoandikwa, mchezo ni matini hiyo inapotiwa mwili na waigizaji. Tofauti hiyo ina manufaa darasani, ila imetupa kisingizio cha kuikalia tamthilia kama riwaya iliyoandikwa kwa nukta pacha. Katika mhadhara huu nitayatumia maneno yote mawili, na kila nitakaposema mchezo nitakuwa namkumbuka mwigizaji.

Kichekesho kabla ya kitabu

Kabla ya kuwapo tamthilia iliyochapishwa, kulikuwapo kichekesho. Katika shule za kikoloni na katika shughuli za mijini, vijana walitunga vipande vifupi vya kuchekesha, visivyoandikwa, vikachezwa siku za sherehe. Pwani, kipande cha namna hii kiliweza kuingizwa katikati ya nyimbo za taarab ili wanamuziki wapumzike na hadhira isichoke. Penina Mlama, ambaye tamthilia zake za mwanzo zilitoka kwa jina la Penina Muhando, ameeleza katika uchunguzi wake jinsi vichekesho vya shuleni wakati wa ukoloni vilivyomfanyia dhihaka Mwafrika "asiyestaarabika": mtu wa shamba anayeshindwa kuumudu ustaarabu wa Kizungu, anayeula ugeni bila kujua adabu zake. Kicheko hicho kilikuwa na sumu, na ni vizuri tukubali kwamba sanaa tunayoipenda ilinyweshwa sumu hiyo utotoni.

Hata hivyo, ndani ya kichekesho mlikuwa na hazina. Mchezaji hakuwa na maandishi ya kukariri. Alipewa kisa na mwisho wake, na yaliyo katikati alitakiwa ayazue mwenyewe kwa lugha aliyokuwa nayo. Mama alifoka kama wafokavyo kina mama wa mtaani. Mdeni alijitetea kwa maneno ya wadeni. Pale lugha ilipokuwa ya uongo, hadhira haikucheka, na mchezo ukafa papo hapo. Sijui mtihani wa lugha ulio mkali kuliko huo.

Mchezo ulioandikwa ulikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1957 zilichapishwa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, michezo miwili mifupi ya Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki na maigizo katika serikali ya kikoloni ya Kenya. Mwaka huohuo ukachapishwa Nakupenda Lakini... wa Henry Kuria, uliotungwa katika shule ya Alliance, Kikuyu. Shuleni hapo wanafunzi wengine walifuata nyayo: Kimani Nyoike aliandika Maisha ni Nini, B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi, na Gerishon Ngugi akatoa Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, uliochapishwa mwaka 1961. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance katika miaka hiyo, aliwakumbuka waandishi hawa katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu siasa ya lugha katika fasihi ya Kiafrika. Katika shule ambayo kila mwaka ilicheza Shakespeare kwa Kiingereza, wavulana hao walikuwa pembeni wakijaribu mambo yao kwa Kiswahili.

Wahakiki wa baadaye hawakuwahurumia. Walisema visa vyao ni vya mapenzi na fedha, kwamba mkoloni haonekani, kwamba kicheko chao ni cha juujuu. Yote hayo yanaweza kusemwa. Mimi naona neno la kuongeza: hawa ndio waandishi wa mwanzo, katika kundi zima la Waafrika wa Kenya, kuthubutu kumwandikia mwigizaji maneno ya Kiswahili ya kutamka, tena wakiwa vijana ambao wengi wao hawakuzaliwa na lugha hii. Kiswahili chao wakati mwingine kinakwaruza. Kinakwaruza kama mlango mpya.

Ndimi mbili za jukwaa

Katika miaka ya 1960, jukwaa la Kiswahili lilikuwa na ndimi mbili. Ulimi mmoja ni ule wa tafsiri: wa Nyerere, aliyetaka kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumbeba Shakespeare, na wa S. S. Mushi, aliyetoa Makbeth mwaka 1968 na baadaye Mfalme Edipode wa Sophocles mwaka 1971. Ni Kiswahili cha fahari, kilichopangwa kwa mizani au kwa utukufu, kinachofaa kusomwa kwa sauti ukiwa umesimama wima. Ulimi wa pili ni wa kichekesho, unaojikatiza na kujirudia, unaotukana kwa mafumbo na ambao hauonekani kabisa katika vitabu. Kati ya ndimi hizo palikuwa na pengo, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliingiza katika pengo hilo ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza kwa nguvu kupitia UKUTA. Ngonjera ina wasemaji wawili au zaidi, na kwa macho ya haraka inafanana na mchezo. Lakini katika ngonjera anayekosea amekwisha kushindwa kabla hajasimama. Yupo ili aelimishwe. Mchezo wa kuigiza unadai jambo gumu zaidi: anayekosea naye awe na hoja, na kwa dakika kadhaa hadhira iwe upande wake.

Hapo ndipo zilipo tamthilia mbili fupi za Ebrahim Hussein, Wakati Ukuta na Alikiona, zilizochapishwa pamoja mwaka 1970. Nasisitiza kwamba si mazoezi ya kijana aliyekuwa akielekea Kinjeketile. Ndizo mahali ambapo ulimi wa pili, ule wa kichekesho, uliingia kitabuni bila kupoteza makali yake.

Alikiona ni kichekesho kwa umbo na kwa asili. Yupo mke, yupo mume, yupo mpenzi wa pembeni, na jina lenyewe, kama ajuavyo kila aliyewahi kutishiwa utotoni kwamba "atakiona", limekwisha kutabiri kwamba kuna mtu atakayekipata cha moto. Mtazamaji wa pwani aliyezoea vichekesho vya katikati ya taarab angekitambua kisa hiki mara moja. Alichokifanya Hussein ni kukiandika. Kwa kukiandika alilazimika kuamua mambo ambayo mzuaji wa jukwaani huyaachia bahati: nani anyamaze, kwa muda gani, kauli ipi ikatwe nusu. Ukiisoma tamthilia hii kwa macho tu utaiona nyepesi. Waweke watu watatu waisome kwa sauti na utasikia kwamba karibu kila sentensi imeelekezwa kwa mtu fulani, inamficha au inamchokoza. Ile lugha ya kueleza mambo kwa hadhira, ambayo imeziua tamthilia nyingi ndefu, humu haina nafasi.

Wakati Ukuta ni nzito zaidi. Tatu ni binti anayetaka kuishi kwa desturi za zama zake. Wazazi wake wana desturi zao. Swai ni kijana ampendaye. Methali iliyotoa jina inasema ukipigana na wakati utaumia, na wasomaji wengi wameichukua tamthilia kama hukumu dhidi ya wazee wasiokubali mabadiliko. Isomeni tena. Ndoa ya vijana wenyewe haisimami, na ukuta unawaumiza wa pande zote mbili. Mgogoro wa vizazi ulikuwa mada iliyozagaa wakati ule. Kilichokuwa kipya ni kwamba mama na binti wanagombana kwa Kiswahili kinachotoka chumbani. Mama hapewi hotuba kuhusu mila. Anapewa maneno ya mama. Ndiyo maana, tofauti na mzee wa ngonjera, anaposhindwa tunamwonea huruma.

Wenzake wa wakati huo walikwenda njia zinazokaribiana na hiyo. Muhando, katika Hatia (1972), alikichukua kisa ambacho kila kijiji kinakijua, msichana aliyeshika mimba na lawama inayotafuta pa kutua, akakifanya kiwe mchezo ambao wanafunzi wa sekondari wangeweza kuucheza uwanjani bila pazia. Farouk Topan, aliyeanzisha somo la fasihi kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika Aliyeonja Pepo (1973), ambamo mja anachukuliwa roho kwa makosa na kufikishwa mbinguni kabla ya siku yake. Ni mzaha, na ni swali zito la kidini kuhusu haki. Kwamba mambo hayo mawili yanakaa pamoja kwa muda wote wa mchezo bila moja kulifukuza jingine ni kipawa ambacho sijakiona tena mara nyingi.

Kisha mwaka 1976 Hussein akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja, na umbo likabadilika kabisa. Hizi ni kazi za msimulizi mmoja, zilizoandikwa kwa ushairi usiofuata vina na mizani ya jadi. Mwaka mmoja kabla yake, Hussein alikuwa amekamilisha tasnifu yake ya udaktari huko Berlin ya Mashariki kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, na ni vigumu kutoona uhusiano: baada ya kuichunguza historia ya sanaa hiyo alirudi kwenye chombo chake cha kale kuliko vyote, mtambaji wa hadithi. Katika Ngao ya Jadi joka Sesota linasumbua watu, na msimulizi ndiye joka, ndiye shujaa, ndiye umma. Sanaa ya mtambaji, anayebadilisha sauti bila kubadilisha nguo, imetosha kuyabeba maswali ya uhuru na yaliyoufuata.

Nje ya maktaba

Tusidhani kwamba historia hii ni ya Dar es Salaam na Nairobi pekee, wala kwamba ilihitaji kalamu. Huko Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mji tangu enzi za migodi, kundi la Mufwankolo limewachekesha na kuwafikirisha watu kwa michezo mifupi ya jukwaani, redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilishuhudia kundi hilo likiunda mchezo kutokana na methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kilichohifadhi mazoezi hayo hatua kwa hatua. Hapakuwa na matini ya kukariri. Waigizaji walijadiliana, wakajaribu, wakakataa, hadi kila mmoja akawa na maneno yake kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho wengine wetu, kwa kiburi cha usanifu, tungekisahihisha kwa wino mwekundu. Kwa mwanafunzi wa lugha ya jukwaa, kitabu hicho kina thamani kuliko sarufi kadhaa.

Tanzania nayo ilikuwa na mambo yanayofanana na hayo. Mapema katika miaka ya 1980, Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, Mwanza, kuibua michezo na wanakijiji kuhusu matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana. Katika kumbi za baa za Dar es Salaam, vikundi kama Muungano na, tangu 1992, Tanzania One Theatre, vilitoa maonyesho ya saa nyingi yaliyochanganya ngoma, sarakasi, muziki na vichekesho. Nchini Kenya, Vioja Mahakamani iliifundisha nchi nzima, kupitia televisheni, kanuni ya kwanza ya mchezo mfupi: chumba kimoja ambamo watu hawana budi kujibizana. Mwanazuoni anayedharau vyombo hivyo ajiulize ni wapi pengine wasikilizaji wengi hivyo walijifunza kusikiliza mazungumzo ya Kiswahili yaliyotungwa.

Kinachotia wasiwasi ni uhifadhi. Kila mwaka mashindano ya maigizo ya shule nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1959, huzaa michezo mifupi iliyotungwa kwa kuzingatia saa ya waamuzi. Mingi huishi msimu mmoja ikapotea. Hata kilichoandikwa na mwandishi mkubwa hakina usalama. Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi, dhihaka kali kuhusu Rais Kapera na mawaziri wake wanaosaka nchi ya Usawa, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na haikuchapishwa hadi 1999. Kwa miaka ishirini hivi ilikuwa matini ya watu wachache, na siasa iliyokuwa ikiidhihaki ilikuwa imekwisha kubadilika ilipofika dukani. Dhihaka iliyochelewa hubaki na umbo lake, lakini hadhira iliyokusudiwa haiwezi kurudishwa. Na vile vitabu vya Hussein na Topan nilivyovitaja, mwanafunzi wa leo atavipata zaidi katika nakala zilizochakaa, kwa sababu mchapishaji hufuata mtaala, na mtaala hupenda kitabu kinene kinachotosha muhula mzima.

Pendekezo la jioni moja

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye vikundi, na hasa wanafunzi, mfikirie jioni moja yenye michezo mitatu. Anzeni na Alikiona, kwa kuwa hadhira inayocheka mapema hukaa. Onyo langu kwa mwongozaji ni moja: msimgeuze mke kuwa kikaragosi. Mwigizaji wake acheze kama mtu aliye na akili kuliko wote waliomo chumbani, na kicheko kitakuja chenyewe. Viti viwili na mlango vinatosha.

Katikati wekeni Ngao ya Jadi, kwa mwigizaji mmoja aliyeikariri yote. Asiisome kutoka karatasini; karatasi mkononi huifanya kazi hiyo kuwa usomaji wa shairi, nayo inadai mwili. Kama mna mpiga ngoma mwenye subira, akae pembeni na apige kidogo kuliko anavyotaka.

Kwa mchezo wa mwisho nilisita kati ya viwili. Wa kwanza ni Masaibu ya Ndugu Jero, tafsiri ya A. S. Yahya (1974) ya mchezo wa Wole Soyinka kuhusu nabii wa ufukweni Lagos, anayewauzia waumini matumaini huku akimkimbia mwanamke anayemdai. Yeyote anayeishi katika miji yetu ya leo hatahitaji maelezo ya ziada. Mwanafunzi wa tafsiri aitazame kwa jicho lake mwenyewe, maana Soyinka alimpa Chume, mfuasi wa nabii, Kiingereza cha pijini anapopandwa na jazba, na Kiswahili hakina pijini inayokaa mahali palepale katika ngazi za jamii. Kuna Kiswahili cha bara, cha jikoni kwa bwana, cha mtaani, na kila kimojawapo kingemfanya Chume kuwa mtu mwingine.

Wa pili ni Aliyeonja Pepo, na huo ndio niuchaguao. Baada ya msimulizi wa Ngao ya Jadi kuondoka na jukwaa kuwa tupu, mbingu ya Topan inaweza kuingia palepale bila kubadilisha lolote isipokuwa taa. Malaika wavae nguo za ofisini. Matini yenyewe inaruhusu. Wasiigize utakatifu. Waongee kama makarani walioona faili likiwa na kosa na hawajui nani atakayemwambia mkubwa.